Zeze, ilimba na udongo mwekundu: sanaa ya Dodoma inavyoanzia shambani

Kibuyu cha zeze, chombo cha nyuzi cha Wagogo, hupandwa Desemba. Anayetaka zeze la kupigia Agosti, mavuno yakishaingia ghalani, awe ametia mbegu za mung'unye ardhini mvua za kwanza zinapoanguka, kando ya uzio au chini ya mti ambao mmea utautambaa. Kibuyu hukomaa kwa miezi minne hadi mitano, kisha hukauka kivulini kwa miezi mingine miwili au mitatu. Hesabu hiyo haina njia ya mkato, na ndiyo maana mafundi wa vyombo vya muziki wa Ugogo, nchi ya Wagogo mkoani Dodoma, wamekuwa wakulima kwanza.

Mazungumzo mengi kuhusu wasanii na mazingira huishia kwenye mandhari: mbuyu, jua linalozama, mwanamke mwenye mtungi kichwani. Picha hizo zina wanunuzi wake. Lakini Ugogo na Kondoa mazingira yaliingia kwenye sanaa kwa mlango mwingine kabisa, yakiwa malighafi na yakiwa kazi ya kila siku. Umbo la chombo, mpangilio wa sauti, rangi iliyopakwa kwenye mwamba, vyote viliamuliwa na kile kinachopatikana kwenye nchi ya mvua ya msimu mmoja, milimita 500 hadi 600 kwa mwaka, ikifuatiwa na miezi mikavu saba au zaidi. Msanii kijana anayetaka kuchota hapa na aanzie hapo, kwa mikono. Kamera inaweza kusubiri.

Kibuyu, ngozi na mti

Kwa zeze la kamba mbili, chagua kibuyu cha mviringo chenye kipenyo cha sentimita 18 hadi 22. Kiache kwenye mmea mpaka kikonyo kikauke na kugeuka rangi ya kahawia. Kikivunwa kibichi, ganda halijawa gumu bado, nalo hunywea na kuota ukungu ndani. Kikianikwa juani, upande unaoelekea jua hukauka haraka kuliko mwingine, na ufa huanza pale pale kwenye kikonyo. Kining'inize kwenye kivuli chenye upepo. Ukikitikisa na kusikia mbegu zikicheza ndani, kiko tayari.

Chora duara la sentimita 14 hadi 16 kwa mkaa, ukate kwa msumeno mwembamba wa kukatia chuma. Kisu hakifai, kwa sababu kinapasua kufuata nyuzi za ganda. Jaza maji, acha usiku kucha, kisha kwangua nyama ya ndani kwa kijiko. Kama bado imeng'ang'ania, tia changarawe na maji kidogo, utikise. Ukikwangua kikavu funga kitambaa puani, maana vumbi lake ni chungu na linakereketa kooni kwa siku nzima. Ganda zuri hubaki na unene wa milimita 4 hadi 6. Likiwa jembamba zaidi litapasuka utakapopigilia vijiti vya kushikilia ngozi. Likiwa nene sana sauti inazama ndani kama vile mtu anaimba akiwa amejifunika blanketi.

Mti wa shingo uwe na urefu wa sentimita 65 hadi 70 na unene wa kidole gumba. Mkole unafaa sana. Ni mti uleule wanaoupenda watengenezaji wa pinde na fimbo, kwa sababu umenyooka na unajipinda bila kukatika. Ukate kiangazi, wakati maji ndani yake ni machache, uondoe gome, ukaukie kivulini miezi miwili. Mti mbichi utajipinda baada ya kamba kukazwa, na zeze halitashika sauti hata kwa wimbo mmoja.

Toboa matundu mawili yanayotazamana, sentimita moja na nusu chini ya ukingo wa kibuyu, kwa chuma kilichopashwa moto. Mti upite kwa kubana. Tundu likizidi upana, mti utatetemeka na kutoa mlio wa kukereza unaofuata kila sauti. Dawa yake ni nta iliyochanganywa na mkaa uliosagwa, lakini ni heri kutoboa dogo na kulipanua taratibu kwa tupa ya duara. Nyuma ya kibuyu toboa tundu jingine la sentimita 2 ili sauti ipate pa kutokea.

Ngozi iwe ya mbuzi mdogo, nyembamba na yenye unene ulio sawa kote. Ipake majivu yaliyoloweshwa, uikunje kwa siku mbili au tatu mpaka manyoya yaachie, kisha uyakwangue. Ioshe, uiloweke usiku mmoja, uiwambe ikiwa imelowa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kazi. Hamu ni kuvuta kwa nguvu zote, kwa sababu ngozi yenye maji inaonekana imelegea. Vuta mpaka mikunjo iishe tu, basi. Ikikauka itajikaza yenyewe, na ikiwa ilivutwa kupita kiasi itachanika kwenye vijiti au italivunja ganda lenyewe. Vijiti huchongwa kwenye mti mgumu, na wengine hutumia miiba ya mgunga. Viwekwe kila baada ya sentimita 2, kwenye matundu yaliyotobolewa kwa msumari wa moto. Anza kaskazini, uende kusini, kisha mashariki na magharibi. Ukizunguka kwa mfululizo upande wa mwisho utapata ngozi yote iliyolegea. Acha kivulini siku mbili. Majani ya mwarobaini ndani ya kibuyu huzuia wadudu wanaotafuna ngozi.

Kamba za zamani zilikuwa kano za mnyama. Siku hizi wengi hufumua waya wa breki ya baiskeli na kuchukua uzi mmoja mwembamba, au hutumia mshipi wa kuvulia wa milimita 0.5. Chuma kina sauti kali inayofika mbali uwanjani, mshipi una sauti ya upole inayofaa kumsindikiza mwimbaji mmoja. Kidaraja cha mti chenye kimo cha sentimita 2 kisimame theluthi ya njia kutoka ukingoni. Kikiwa katikati kabisa, ngozi inabonyea na sauti inakuwa butu.

Upinde wa kukwarua ni kijiti chepesi cha sentimita 45, na nyuzi zake ni katani. Mkonge upo kwenye mipaka ya mashamba mengi: kwangua jani kwa ubapa wa kisu, osha, anika, chagua nyuzi 60 hadi 80 zilizo ndefu. Kisha paka utomvu mkavu wa mti, uliopondwa. Bila utomvu katani huteleza tu juu ya kamba. Utomvu ndio unaoifanya ishike kamba, iivute, iiachie, iishike tena, mamia ya mara kwa sekunde, na huko kushika na kuachia ndiko sauti yenyewe. Anayelalamika kuwa zeze lake jipya ni bubu aangalie utomvu kabla ya kulaumu kibuyu.

Sauti zilizomo ndani ya kamba moja

Kabla ya zeze na ilimba ya vyuma kuna upinde wa muziki, wa kamba moja. Funga kamba ya chuma yenye urefu wa sentimita 60 kwenye ubao, ikaze, uigonge kwa kijiti. Sasa gusa kwa wepesi katikati, sentimita 30, huku ukigonga: inatoka sauti ya juu, safi. Gusa sentimita 20, kisha 15, 12, 10. Kila mguso unatoa sauti nyingine ambayo tayari ilikuwa imejificha ndani ya ile ya kwanza. Endelea: sentimita 8.6, 7.5, 6.7, 6. Hizo za mwisho, pamoja na ile ya sentimita 10, ndizo ngazi ya muziki wa Kigogo.

Mtafiti wa Austria, Gerhard Kubik, ndiye aliyeeleza jambo hili kwa undani katika maandishi yake: ngazi ya sauti ya Wagogo inafuata mfululizo wa asili wa sauti za kamba, hasa kutoka ya sita (ile ya sentimita 10) hadi ya kumi (ile ya sentimita 6). Kwa namba, ukichukua msingi wa hezi 50, yaani mitetemo 50 kwa sekunde, sauti hizo ni hezi 300, 350, 400, 450 na 500. Tofauti kwa hezi ni ileile, 50 kila mara, lakini kwa sikio hatua zinapungua kadiri unavyopanda. Programu yoyote ya simu ya kupimia sauti itakuonyesha hili ndani ya dakika tano.

Uimbaji wa sauti nyingi nao unatokana na ngazi hiyohiyo. Mwimbaji wa kwanza akiwa kwenye 400, wa pili hashuki ngazi moja, anairuka na kukaa kwenye 300. Wa kwanza akipanda 450, wa pili anakaa 350. Akipanda 500, mwenzake yuko 400. Kanuni ni kuruka moja. Kwa sababu hatua za ngazi hazilingani, umbali kati ya sauti mbili unabadilika kila wimbo unapopanda na kushuka, na hapo ndipo unapopatikana ule utamu wa nindo, aina ya nyimbo za Kigogo, ambao msikilizaji mgeni huushangaa bila kujua umetoka wapi. Hakuna aliyeketi kuandika kanuni hiyo. Iko kwenye kamba, na watoto huipata kwa kuimba karibu na wakubwa.

Kwaya za Dodoma zinazopenda kuimba nyimbo za asili kanisani hukwama mahali pamoja karibu kila mara: kinanda. Kinanda cha umeme kimegawanywa hatua kumi na mbili zilizo sawa, na sauti ya saba ya kamba haimo. Kwenye mfano wetu sauti hiyo ni hezi 350, na kitufe cha kinanda kilicho karibu nayo kinatoa takribani 356. Zikilia pamoja, sikio linasikia mapigo kama sita kila sekunde, mtetemo unaochosha. Wanakwaya wanahisi kuna kitu hakikai sawa, wanasogea kukifuata kinanda, na baada ya mazoezi mawili wimbo umekuwa wa Kigogo kwa maneno tu. Zimeni kinanda kwa nyimbo hizo. Mpeni mpiga zeze au ilimba kazi ya kutoa sauti ya kuanzia. Kama lazima kinanda kiwepo, vingi vina sehemu ya kurekebisha kila noti peke yake: noti hiyo ya saba ishushwe senti 31 (senti ni sehemu ya mia ya nusu toni), na ile ya kumi, inayolia hezi 500, ishushwe 14. Ya tisa inapanda senti 4 tu, unaweza kuiacha.

Vyuma na utando wa buibui

Ilimba ni sanduku la mti lenye vyuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Hukwe Zawose, mzaliwa wa Dodoma aliyefundisha chuo cha sanaa Bagamoyo na kufariki Desemba 2003, aliifikisha kwenye majukwaa ya dunia akiwa na ilimba kubwa zenye vyuma vingi mno. Anayeanza asimwige kwa ukubwa. Vyuma kumi hadi kumi na tano vinatosha kabisa kujifunza ngazi ya sauti tuliyoitaja.

Vyuma hufuliwa kutoka spoku za baiskeli, misumari mirefu au springi. Chuma cha springi ndicho bora, kwa kuwa hurudi mahali pake baada ya kupigwa. Msumari wa kawaida ni laini, unajipinda polepole na sauti yake hushuka kila wiki. Ponda ncha ya mbele iwe bapa, upana wa milimita 4 hadi 5, kisha ilainishe kwa tupa na msasa, la sivyo kucha na nyama ya kidole gumba vitaumia kabla hujamaliza wimbo. Vyuma hukaa juu ya vidaraja viwili na hubanwa katikati na chuma cha mlalo kilichofungwa kwa waya kupitia kwenye ubao. Kibano kikilegea chuma kinapiga kelele na kinatembea. Kifungie kwa waya mahali pasipopungua patatu.

Kulinganisha ni kazi ya uvumilivu. Kisogeze chuma mbele, sehemu inayotetemeka iwe ndefu, na sauti itashuka. Kirudishe nyuma, itapanda. Sogea kidogo sana. Chuma chenye urefu wa milimita 60 kikipunguzwa milimita moja na nusu tu, sauti hupanda karibu nusu toni, kwa sababu athari ya urefu kwenye chuma huzidishwa mara mbili, tofauti na kwenye kamba. Kwa marekebisho madogo zaidi weka tone la nta ya nyuki chini ya ncha. Litaishusha sauti bila kugusa urefu. Vyuma vingine haviguswi kabisa na vidole. Vimewekwa ili vitetemeke vyenyewe jirani zake wanapopigwa, na vinaongeza ukungu wa sauti unaobaki hewani. Hivyo vilinganishwe mwisho na kwa uangalifu kuliko vyote, maana chuma kisicho na ulinganifu na jirani yake hakiitikii.

Kuna kitu kimoja ambacho mafundi wa kiwandani hukisahau. Kwenye sanduku hutobolewa tundu dogo, kama milimita 8 hadi 10, na juu yake hubandikwa utando mweupe ambao buibui hufunikia mayai yake ukutani. Utando huo hunguruma pamoja na vyuma. Bila mngurumo huo ilimba inasikika safi, na Wagogo watakuambia haijakamilika. Utando hutolewa ukutani kwa ncha ya wembe, taratibu, mayai yakiwa yameshaanguliwa, na hubandikwa kwa ulimbo mwembamba au nta. Ukibandikwa kwa gundi nyingi unalowa na kukaza, haungurumi. Mikono yenye mafuta huutoboa. Hudumu wiki kadhaa, kisha hubadilishwa.

Nyumba za tembe, zenye kuta za miti na udongo na paa la bapa lililofunikwa udongo, zilikuwa na utando huo kila pembe. Kwenye nyumba za tofali zilizopigwa plasta na kupakwa rangi ni adimu. Wengine walitumia kipande cha mfuko wa plastiki, mpaka mifuko ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini Juni 2019. Ganda jembamba la ndani la kitunguu kilichokauka linafanya kazi kwa siku chache, kisha linapasuka. Utando wa buibui bado hauna mshindani. Mazizi, maghala na vyoo vya zamani ndiko kwa kuutafuta.

Muheme na kazi za watu

Ngoma za muheme hupigwa na wanawake, zimebanwa katikati ya mapaja. Ngoma ina kiuno chembamba katikati ili ishikike hapo, na kutokana na hilo mchezo mzima unafuata. Mtu aliyebana ngoma kwa mapaja hawezi kuchukua hatua ndefu. Mwendo wake ni mfupi, unaanzia magotini, na mabega ndiyo yanayopata uhuru. Vikundi vya maonyesho vinavyoning'iniza ngoma shingoni kwa mkanda ili wachezaji waruke vinapata kitu kingine. Mikono inabadilisha pembe, kiganja kinaangukia ukingoni, na sauti nzito ya katikati inapotea.

Kabla ya kupiga, ngozi hupashwa moto. Washa moto wa vijiti usio na moshi mwingi, panga ngoma umbali wa nusu mita, zigeuze kila baada ya dakika chache, na uzijaribu kwa kidole. Dakika 10 hadi 15 hutosha kiangazi. Msimu wa mvua ngozi hunyonya unyevu na hulegea tena katikati ya onyesho, kwa hiyo moto usizimwe. Ngoma iliyowekwa karibu mno huvuta ghafla na kupasuka. Zeze nalo hupata shida hiyohiyo ya unyevu, ila kwake lisogezwe jua la asubuhi tu, moto utaachanisha vijiti.

Muheme ulitokana na shughuli za kuwafunda wasichana, na hata leo unapopigwa kumpokea mgeni wa serikali asili yake haijafutika. Msunyunho, ngoma nyingine ya Wagogo, uko karibu zaidi na mashamba na mavuno. Nyimbo hubeba mtama, uwele, ng'ombe, mvua iliyochelewa, njaa. Ugogo ulipitia njaa kubwa kati ya 1917 na 1920, iliyopewa jina la Mtunya, majeshi ya vita vya kwanza vya dunia yalipochukua nafaka, mifugo na vijana kisha mvua ikakosekana. Jina hilo halikuwekwa na ofisi yoyote. Liliwekwa na watu walioipitia, na kumbukumbu ya namna hiyo huishi kwa kusimuliwa na kuimbwa. Mtunzi wa leo anayetaka kuandika wimbo kuhusu ukame anao mfano: taja vitu kwa majina. Mlenda uliokaushwa na kutwangwa, ghala tupu, kisima kilichochimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Wimbo unaosema "mazingira yetu tuyatunze" kwa beti nne haukumbukwi na mtu.

Kwa anayekwenda kijijini kurekodi: salimia kwanza. "Mbukwenyi" kwa kundi, na usubiri waitikie kabla ya kutoa simu. Onana na kiongozi wa kikundi na wazee, ueleze rekodi itakwenda wapi, na mkubaliane malipo ya kikundi kabla ya ngoma ya kwanza kupigwa. Uliza wazi ni nyimbo zipi za jando na unyago, kwa sababu nyingine hazitoki nje ya shughuli zake, na mama aliyeombwa mbele za watu huona haya kukukatalia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inagusa pia sanaa za jadi, si za mtunzi mmoja tu, kwa hiyo kuchukua kipande cha muheme na kukiingiza kwenye biti studio bila ruhusa ni kosa hata kama hakuna jina la mtunzi. Rekodi kwenye uwanja wa udongo. Ukumbi wenye sakafu ya saruji na paa la bati hurudisha mwangwi unaofuta mapigo madogo. Simu au maikrofoni ikae mita 3 hadi 4 kutoka kwa wapigaji, kimo cha kifua. Ukiisogeza karibu zaidi, ngoma inayoongoza itaipasua sauti na waimbaji hawatasikika. Chamwino kuna tamasha la muziki wa Kigogo, na huko msanii anaweza kusikia vikundi vya vijiji vingi mahali pamoja na kulinganisha jinsi kila kijiji kinavyopiga kitu kinachoitwa kwa jina lilelile.

Rangi za Kondoa

Michoro ya miambani ya Kondoa iliingia Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili kwa mkono mwaka 1951, na nakala zake bado zinasaidia, kwa kuwa baadhi ya michoro imefifia tangu hapo. Michoro ya zamani ni myekundu, mistari myembamba, wanyama na watu warefu wenye vichwa vya ajabu, na inahusishwa na wawindaji ambao Wasandawe wana undugu nao. Myeupe ni ya baadaye, minene, iliyopakwa kwa vidole na watu waliolima na kufuga. Nyenzo zinaeleza sehemu ya tofauti hiyo. Wekundu ni kutu ya chuma iliyosagwa laini, inazama kwenye vinyweleo vya mwamba na kukaa humo. Weupe ni tabaka la udongo lililolala juu, kwa hiyo linabanduka.

Kolo, kwenye michoro hiyo ya Kondoa, panapaswa kutembelewa na kila mchoraji wa kanda hii, akiongozwa na mtu wa mambo ya kale. Usimwagie maji mchoro ili ung'ae kwenye picha. Maji hayo huyeyusha chumvi za mwamba na kuziacha juu ya rangi yakikauka, na huo ndio ukungu mweupe unaoonekana kwenye michoro iliyochezewa miaka mingi. Subiri mwanga wa pembeni wa asubuhi au jioni, utaona zaidi. Wala usichukue udongo ndani ya mapango hayo. Yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, na zaidi ya hapo Mungomi wa Kolo ni mahali pa matambiko mpaka leo.

Udongo wa rangi uko kila korongo nje ya maeneo hayo. Chukua ndoo nusu ya udongo mwekundu, jaza maji, koroga kwa nguvu, subiri dakika moja mchanga utue, kisha mimina maji mekundu kwenye ndoo ya pili kupitia kanga kuukuu. Iache ya pili usiku kucha. Asubuhi mwaga maji safi ya juu, anika tope la chini kwenye bati. Unachokwangua hapo ni rangi. Udongo wa njano ukiuchoma kwenye kikaango kikavu juu ya mkaa mkali unageuka mwekundu, kwa sababu joto la kama nyuzi 300 linafukuza maji yaliyofungwa kwenye kutu. Ukiutoa mapema unapata rangi za katikati, chungwa na kahawia, kutoka korongo moja. Nyeusi ni mkaa uliosagwa, nyeupe ni udongo mweupe.

Kwa karatasi na turubai, gundi ya mgunga inatosha: gramu 100 za gundi kavu kwenye mililita 200 za maji yaliyochemshwa na karafuu mbili tatu, iachwe usiku kucha, ichujwe, iongezwe kijiko cha chai cha asali. Asali inazuia rangi kukakamaa na kupasuka, karafuu zinachelewesha kuoza. Changanya na unga wa rangi kiasi kwa kiasi, usage juu ya kioo mpaka isisikike punje. Jaribu kwenye kipande: ikikauka na kuacha unga kidoleni, gundi ni kidogo, ikimetameta na kupasuka, imezidi.

Ukutani gundi hiyo haifai, mvua moja ya Januari inaiondoa yote. Huko tumia chokaa. Udongo wa chuma haugombani na ukali wa chokaa, tofauti na rangi nyingi za dukani zinazopauka. Loweka chokaa kwa siku kadhaa, ukichanganya na unga wa rangi usizidi asilimia 10 ya uzito wa chokaa, kwani ukizidi chokaa haitashika. Upepo wa Dodoma ndio adui hapa. Chokaa inahitaji unyevu ili igeuke jiwe, na ukuta wa tofali uliopigwa na jua la saa sita unaivuta maji yake kabla haijaanza. Mwagia ukuta maji jioni, na tena alfajiri, upake ungali na unyevunyevu kabla ya saa nne asubuhi, tabaka nyembamba tatu badala ya moja nene, kila tabaka siku yake. Kila jioni nyunyizia maji kwa siku tatu. Nzuri zaidi ni kupaka ukuta unaotazama kusini kuanzia Aprili hadi Agosti, maana miezi hiyo jua limehamia kaskazini na ukuta huo unabaki kivulini mchana kutwa.